Nahodha na Siku ya Mwisho

Vipo vijitabu vya picha, ukubwa wake kama kiganja cha mkono, ambavyo mtu huvipata bila ya kuvitafuta. Utakikuta kimoja kwenye kiti cha daladala, kingine kimesukumwa chini ya mlango wa nyumba, kingine mkononi mwa kijana anayehubiri watu wakisubiri kivuko cha Magogoni kuja Kigamboni. Wengine huviita trakti, wengine katuni za dini. Ndani yake maneno si mengi. Mna mtu anayekunywa na kucheka. Mna mauti yanayomjia ghafula. Mna malaika anayemchukua. Mna kiti kikubwa cha enzi, na aliyekikalia hana uso. Mna kitabu kinachofunguliwa. Na ukurasa wa mwisho mna moto. Vingine ni vinene zaidi, hadithi nzima zilizochorwa, ambamo waadilifu wananyakuliwa mbinguni kufumba na kufumbua, na waliobaki duniani wanasakwa na Mpinga Kristo ili wapigwe chapa.

Katika insha hii sikusudii kupima kama mwisho wa dunia upo au haupo. Hilo wameniachia wenye elimu ya dini, nami nawaachia wao. Swali langu ni la maadili, na ni la sisi tulio hai. Je, ni halali kumleta mtu kwa Mungu kwa kumtisha kwa picha? Na jambo la pili, ambalo naliona zito kuliko la kwanza: picha hizi za mwisho zinamfundisha mtu kuishi namna gani na jirani yake kabla huo mwisho haujafika?

Tuanze na asili yake. Vingi vya vijitabu hivi vilitoka Marekani, kwa mchoraji wa California aitwaye Jack T. Chick, aliyezaliwa mwaka 1924 akafariki mwaka 2016. Kijitabu chake mashuhuri kuliko vyote, ambacho kwa Kiingereza huitwa This Was Your Life!, kilitoka mwaka 1964, na kimefasiriwa kwa lugha nyingi za dunia, Kiswahili kikiwamo. Baadaye, mwaka 1995, ukaanza mfululizo wa riwaya za Left Behind wa Tim LaHaye na Jerry B. Jenkins, ulioeleza habari za walioachwa nyuma baada ya unyakuo. Riwaya hizo ziliuzwa makumi ya mamilioni ya nakala, kisha zikatengenezewa filamu na hadithi za picha.

Lakini asidhani mtu kwamba jambo hili ni la Wamarekani wa juzi tu. Mwaka 1498, katika mji wa Nürnberg huko Ujerumani, Albrecht Dürer alichapisha mwenyewe kitabu cha Ufunuo wa Yohana chenye picha 15 kubwa zilizochongwa katika mbao. Watu wengi wa Ulaya siku hizo walikuwa na hofu kwamba mwaka 1500 ungekuja na mwisho wa dunia. Kitabu kile kikampa Dürer sifa nchi nyingi, na picha yake ya wapanda farasi wanne ingali inatazamwa hata leo. Mtu akiiangalia vizuri ataona kwamba miongoni mwa wanaokanyagwa na farasi na kumezwa na joka yumo mkubwa aliyevaa taji. Naomba msomaji aliweke hilo akilini, maana tutalirudia.

Na sisi watu wa pwani hatukuwa wageni wa habari hizi. Zipo tenzi za kale zinazosimulia siku ya kiyama, na upo utenzi wa Al-Inkishafi, ambamo Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir aliutazama mji wa Pate ulivyoanguka, majumba ya matajiri yakawa makao ya popo, akaukumbusha moyo wake kwamba dunia haina dhamana. Wala hatukuwa wageni wa katuni. Vizazi kadhaa vya Watanzania vilimjua Chakubanga wa gazeti la Uhuru, kisha vikacheka na Madenge, Ndumilakuwili na Lodi Lofa wa gazeti la Sani. Msomaji aliyezoeshwa na Sani kufuata miraba ya picha kutoka kushoto kwenda kulia hakuhitaji mwalimu mwingine wa kumsomesha vijitabu vya kiama. Mbegu ilikuta shamba limekwisha limwa.

Neno lenyewe tunalolitumia linapendeza kulichunguza. Kiama, au kiyama kama wengine wasemavyo, limetoka katika Kiarabu, na shina lake lina maana ya kusimama. Siku ya kiama ni siku ya watu kusimama: kusimama kutoka makaburini, na kusimama mbele ya Mwenye kuhukumu. Mwislamu wa Mjimwema na Mkristo wa Kibada, ingawa hawaabudu mahali pamoja, neno lao kwa siku hiyo ni moja, na wote wawili wanajua kwamba siku hiyo hapana wakili wala udugu. Lakini midomoni mwetu neno limeshuka thamani. Bei ya sukari ikipanda twasema ni kiama. Magari yakikwama barabarani twasema ni kiama. Tumesahau kwamba ni habari ya kusimama, tumeifanya habari ya kuangamia tu. Nadhani picha tulizozizoea zina mchango katika usahaulifu huo, kwani ni rahisi zaidi kuchora moto kuliko kuchora mtu aliyesimama akiulizwa.

Sasa nataka kuvitendea haki vijitabu hivi kabla ya kuvilaumu, maana si uungwana kumhukumu mtu kabla hajasema. Jambo la kwanza la kuvisifu ni kwamba vinasema kweli ambayo wengi hawaisemi. Kijana wa leo anaambiwa na matangazo ya biashara kwamba ataishi milele, ilimradi anunue simu mpya. Anaambiwa na wanasiasa kwamba kila kitu kitakuwa kizuri baada ya uchaguzi. Anayemwambia kwamba atakufa, na kwamba maisha yake yana hesabu, ni nani? Aghalabu ni kile kijitabu cha kurasa chache alichokiokota kwenye kiti. Ile picha ya mtu anayeonyeshwa maisha yake yote, ya hadharani na ya gizani, kama filamu mbele ya halaiki, ni picha yenye nguvu ya haki. Mtu mwenye kuwala wenzake mishahara, au mwenye kumpiga mke wake milango ikiwa imefungwa, inamfaa aione.

Jambo la pili ni kwamba hofu yenyewe si uovu. Mama humtisha mtoto kwa habari za nyoka ili asitie mkono shimoni. Mtu anayeokoka katika moto kwa sababu aliogopa, ameokoka. Wahenga walisema mwoga huenda kwao kwa salama. Dini zote kubwa zimeijua kazi ya hofu, na aliyeitoa kabisa katika dini yake nadhani amebaki na faraja isiyomgharimu kitu. Kwa hiyo simo katika kundi la wale wanaosema kwamba kumwogofya mtu ni dhambi kila mara. Neno langu ni kwamba hofu ni kama chumvi: swali si kama iwemo chunguni, swali ni kiasi gani, na inatiwa ili chakula gani kiive.

Hapo ndipo ninapoanza kutofautiana na vijitabu hivi, na sababu yangu ya kwanza ninaitoa hapa kwetu majini. Mtu wa Kigamboni, hata baada ya daraja kufunguliwa mwezi wa Aprili 2016, ni mtu wa kuvuka. Kwa miaka mingi wakazi wa ng'ambo hii wamekabidhi roho zao kila asubuhi na kila jioni kwa nahodha wa kivuko. Safari ni ya dakika chache, lakini maji ni maji. Na mtu yeyote anayesafiri majini anaijua sheria moja ambayo hakuna haja ya kuiandika ukutani: chombo kikipata msiba, nahodha hutoka wa mwisho. Akitoka wa kwanza, hata kama amepona, jina lake limezama.

Basi itazame picha ya unyakuo katika hadithi hizi. Rubani aliye mwadilifu anatoweka, ndege inaanguka na abiria wake. Dereva mcha Mungu anatoweka, gari linakwenda kugonga watu. Nguo zimebaki kitini, mwenye nguo yuko mbinguni. Mchoraji anatuonyesha jambo hili kama ushindi, na msomaji anatakiwa atamani kuwa yule aliyetoweka. Lakini tuichore picha hiyo kwa kalamu yetu. Kivuko kimejaa, kina mama wenye ndoo za samaki, wanafunzi, wagonjwa wanaopelekwa Muhimbili, wakristo na waislamu na wasio na dini. Katikati ya maji nahodha ananyakuliwa kwa sababu ya wema wake, na chombo kinabaki hakina mwenyewe. Huo ni wema wa aina gani, unaomfanya mwema awe wa kwanza kutoka? Nahodha mwema, kama ninavyomjua, angeomba aachwe kidogo, awafikishe watu gatini kwanza.

Sisemi haya kwa kuudhihaki uweza wa Mungu. Nasema kwamba picha hufundisha hata pale ambapo mchoraji hakukusudia kufundisha. Na inafaa kujua kwamba fundisho hili la waadilifu kutolewa duniani kabla ya dhiki, ambalo vijitabu vinalichora kana kwamba Wakristo wote wamelikiri tangu mitume, lilienezwa hasa na John Nelson Darby, mhubiri wa Uingereza na Ireland, kuanzia miaka ya 1830. Kanisa Katoliki halilifundishi, wala si fundisho la Walutheri wala la Waothodoksi. Mama Mkatoliki wa Tungi anayekiokota kijitabu kilichodondoshwa mlangoni pake huenda asijue kwamba anasoma mafundisho ambayo kanisa lake halina. Maandishi yangempa nafasi ya kuuliza. Picha imekwisha ingia.

Sababu yangu ya pili ni uso. Maneno yakisema kuna adui, kila mtu hujiuliza adui ni nani, na mwenye moyo mnyofu hujitazama mwenyewe kwanza. Lakini mchoraji hawezi kumchora adui asiye na uso. Hana budi kumpa pua, ndevu, joho, kofia. Na pindi anapompa hivyo, amekwisha mchagua. Chick aliwachagua wengi. Mwaka 1979 alitoa kitabu cha picha kiitwacho Alberto, kilicholishambulia Kanisa Katoliki kwa habari za njama ambazo wachunguzi, wakiwamo waandishi wa Kikristo wasio Wakatoliki, walizikataa. Katika vijitabu vingine aliwachora Waislamu kama watu waliodanganywa. Huko Marekani mtu aweza kukisoma kijitabu kama hicho na asimwone Mwislamu mwaka mzima. Hapa kwetu atakifunga, atatoka nje, na wa kwanza kumsabahi atakuwa ni Mwislamu, ambaye ndiye aliyemuuzia maji jana, na ambaye kesho kutwa atakuja kuchimba kaburi msiba ukitokea. Jirani hachorwi na mtu asiyemjua.

Sababu ya tatu ni dalili. Kitabu cha Ufunuo kinataja chapa katika mkono wa kuume au katika kipaji cha uso, na hesabu ya mnyama, 666. Wanazuoni wengi huona kwamba hesabu hiyo ni ya jina la Kaisari Nero kwa namna ya kale ya kuhesabu herufi, na baadhi ya nakala za kale sana zina 616 mahali pa 666, jambo ambalo hesabu ya jina hilo hilo huweza kulieleza. Yohana aliandika kwa makanisa saba ya Asia Ndogo, yaliyokuwa chini ya dola ya Roma. Wasomaji wake walikuwa wachache na wanyonge, na aliyekuwa akitishwa katika maono yale alikuwa mtawala mwenye jeshi. Ndiyo maana nilimwomba msomaji amkumbuke yule mwenye taji chini ya kwato za farasi wa Dürer. Ufunuo ulikuwa kitabu cha kumfariji mnyonge na kumtia hofu mwenye nguvu. Lakini kijitabu cha picha kinapopenyezwa chini ya mlango wa mjane, mambo yamepinduka: mnyonge ndiye anayetishwa, na mwenye nguvu hakumbukwi.

Matokeo yake ni kwamba mtu huanza kuisaka chapa kila mahali. Nchini Kenya mwaka 2019, Serikali ilipowaandikisha watu kwa ajili ya Huduma Namba, walikuwapo Wakristo walioogopa kwamba hiyo ndiyo ile hesabu. Wakati wa UVIKO-19 maneno ya namna hiyo yalisemwa kuhusu chanjo, hapa kwetu na kwingineko. Mtu anayeogopa kadi hajali tena kama ametoa rushwa ili aipate. Anauchunguza mkono wake kama umepigwa muhuri, hauchunguzi umefanya nini.

Tena Afrika Mashariki tumeona hofu ya mwisho inavyoweza kufika mbali. Katika Uganda, kikundi kilichojiita cha Kurejesha Amri Kumi za Mungu kilitangaza kwamba dunia ingekwisha tarehe 31 Desemba 1999. Waumini waliuza walivyokuwa navyo. Tarehe ilipopita na jua likachomoza, watu walianza kuuliza maswali. Na tarehe 17 Machi 2000, huko Kanungu, mamia yao waliteketea ndani ya jengo la ibada lililofungwa kwa misumari. Baadaye yakapatikana makaburi mengine. Katika Kenya mwezi wa Aprili 2023, polisi walianza kufukua makaburi katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi. Waliokuwamo ni waumini walioambiwa wafunge kula hadi kufa ili wakutane na Yesu. Miili iliyofukuliwa ilizidi 400, wakiwamo watoto wengi. Mhubiri Paul Mackenzie alishtakiwa, akakana mashtaka.

Nataka kuwa mwangalifu hapa. Sisemi kwamba vijitabu vya picha ndivyo vilivyoua watu wa Kanungu na Shakahola. Sina haki ya kusema hivyo. Wapo watu maelfu waliovisoma wakaacha ulevi, wakarudi kwa wake zao, wakalipa madeni. Ninalosema ni kwamba mzizi wa mawazo unafanana: kwamba kuokoka ni kutoka, na kutoka mapema, na kwamba anayebaki kushughulika na dunia hii ni mjinga au amelaaniwa. Mtu akiliamini hilo barabara, hana sababu ya kumlisha mtoto wa leo. Na mtoto ndiye abiria asiyejua kuogelea.

Kigamboni yenyewe imewahi kuishi chini ya tangazo la mwisho, ingawa halikuwa la dini. Mwaka 2008 ulitangazwa mpango wa kujenga mji mpya wa kisasa huku kwetu, na wenye ardhi wakazuiwa kuendeleza maeneo yao wakisubiri. Kusubiri huko kulichukua miaka. Ikaundwa wakala ya kusimamia, na baadaye ikavunjwa. Mpango haukutekelezwa kama ulivyotangazwa. Silisemi hili kumlaumu mtu, bali kwa sababu ya lile tuliloliona katika nafsi za watu. Wapo waliosema, ya nini kuziba paa linalovuja, wakati nyumba yenyewe itabomolewa? Wakakaa na ndoo chini ya tundu la paa kila masika. Wapo waliouza kwa bei ya kutupa wakihofia kukosa yote. Wapo walioacha kusalimiana na jirani kwa wivu wa fidia ambayo hakuna aliyekuwa ameipata. Na wapo waliopanda minazi.

Mnazi mrefu wa pwani huchukua miaka 6 au zaidi kabla ya kuzaa. Aliyepanda mwaka 2008 alichekwa, maana alikuwa akipandia mji ambao haukuwa wake. Lakini kufika mwaka 2016 alikuwa akiangua madafu. Sisemi alikuwa na akili kuliko wengine, wala kwamba alijua mpango utasitishwa. Hakujua, kama wengine wote. Na kama mpango ungetimia mnazi wake ungekatwa. Hata hivyo miaka ile minane aliishi kama mwenye nyumba, na mwenzake mwenye ndoo aliishi kama mpangaji wa hofu. Mwisho uliotangazwa ulikuwa mmoja. Tofauti ilikuwa katika namna ya kuungoja.

Katika mapokeo ya Kiislamu yapo mafundisho ya Mtume kwamba Kiyama kikimkuta mtu ana mche mkononi, na akaweza kuupanda, basi na aupande. Mimi si mwanachuoni wa Hadithi, lakini sijaona maneno yaliyoitazama siku ya mwisho kwa utulivu kuliko hayo. Hayasemi mche utakua, wala hayasemi kuna atakayekula matunda. Yanasema kazi iliyo mkononi haifutwi na mwisho. Na upande wa Wakristo, Mtume Paulo aliwaandikia Wathesalonike waliofadhaishwa na uvumi kwamba siku ya Bwana imekwisha fika. Na katika waraka huo huo anawakemea wale walioacha kazi wakawa wanazurura na kuingilia mambo ya watu. Dawa yake haikuwa kuwapa tarehe nyingine. Aliwaambia wafanye kazi kwa utulivu na wale chakula chao wenyewe.

Lakini mahali ninapopaona pazito zaidi ni katika Injili ya Mathayo, sura ya 25, pale Yesu anapoeleza hukumu ya mataifa. Watu wametengwa huku na huku kama mchungaji atengavyo kondoo na mbuzi. Wanaulizwa nini? Hawaulizwi kama walizitambua dalili. Hawaulizwi kama waliijua hesabu ya mnyama. Wanaulizwa habari za chakula, maji, mgeni, nguo, mgonjwa na mfungwa: mambo ambayo hayapiti urefu wa mkono wa mtu. Na jambo ambalo sijawahi kuliona limechorwa katika kijitabu chochote ni hili: pande zote mbili zinashangaa. Walio wema wanauliza, ni lini tulikuona? Na walio waovu wanauliza vile vile, ni lini tulikuona? Hakuna aliyekuwa amejiandalia nafasi yake katika picha.

Kijitabu cha mwisho wa dunia kinauondoa mshangao huo. Msomaji anapofika ukurasa wa mwisho anajua nani yuko wapi, na hasa anajua kwamba yeye hayuko miongoni mwa wanaotupwa, mradi amekwisha sali ile sala iliyochapwa nyuma ya jalada. Amewekwa nje ya mraba, juu, akitazama chini. Huo ndio upungufu wangu mkuu nao. Simlaumu mchoraji kwa kuwa ametutisha mno; naona ametutuliza upesi mno. Hofu ya kweli ya hukumu haimwachi mtu mahali pa kusimama na kuwahesabu waliopotea. Inamrudisha nyumbani kuangalia kama mfanyakazi wa ndani amelipwa, na kama yule mgonjwa wa nyumba ya tatu amepelekewa uji.

Basi tufanyeje? Wapo watakaosema vipigwe marufuku. Sioni hivyo. Kitu kilichopigwa marufuku huonekana kuwa na siri, na siri ndiyo chakula cha hofu. Wala sioni vema kumpokonya mtoto kijitabu mkononi na kukichana mbele yake, maana atakiota usiku na hatakuwa na mtu wa kumwuliza. Nashauri mzazi aketi na mtoto wake, wakisome pamoja, ukurasa kwa ukurasa, na wakifika mwisho amwulize maswali matatu. Huyu mbaya aliyechorwa hapa anafanana na nani tunayemjua, na je, yule tunayemjua ni mbaya? Hawa wema walioondoka, walimwachia nani wagonjwa wao? Na sisi wawili, baada ya kusoma hiki, kuna kazi gani ya leo ambayo inatupasa tukaifanye?

Kama jibu la swali la tatu ni kwamba hakuna kazi, tungoje tu, hapo mzazi ajue kwamba kijitabu kimemnyang'anya mwanawe kitu. Kama jibu ni kwamba kuna mtu wa kuombwa radhi, au deni la kulipwa, au jirani wa kujuliwa hali, basi hata kama picha zake ni mbovu na mafundisho yake yana kasoro, kimefanya kazi njema, na Mungu hutumia hata kalamu iliyopinda.

Nao vijana wetu wenye kipaji cha kuchora, ambao ni wengi hapa Dar es Salaam, ningependa wajaribu hadithi za picha za siku ya mwisho zilizo za kwetu. Wasitufasirie ndege zinazoanguka mjini Chicago. Watuchoree watu wamesimama, kama neno letu la kiama lisemavyo, na wakubwa wakiwa wametangulia mbele katika foleni ya kuulizwa. Watuchoree mshangao wa pande zote mbili. Na katika mraba mmoja, hata kama ni mdogo pembeni mwa ukurasa, watuchoree nahodha ambaye ameisikia tarumbeta, amegeuka akawatazama abiria wake, kisha akarudisha mikono kwenye usukani mpaka chombo kifike gatini.